Somo: Kuvua perege kwa chambo bandia cha buu wa usubi

Wanaovua katika mabwawa ya Hombolo na Mtera huuliza kwa nini perege wanaoonekana wakipasua uso wa maji jioni hukataa mnyoo. Mara nyingi saa hizo wanakula usubi wanaoibuka kutoka majini, ambao wengi hawazidi urefu wa punje ya mchele, hivyo chambo nacho sharti kiwe kidogo.

Hatua ya kwanza ni kutengeneza chambo. Chukua ndoana ya namba 16 au 18 (namba ikipanda, ndoana inapungua), ipitishie ushanga mdogo wa shaba hadi kwenye tundu, kisha zungusha uzi mwekundu wa kushonea kutoka nyuma ya ushanga hadi ndoana inapoanza kupinda, kila mzunguko ukibanana na mwenzake. Juu yake pitisha waya mwembamba wa shaba, kama ule wa mota mbovu, mizunguko mitano au sita iliyoachana, ili mwili uonekane una pingili. Funga fundo, tia tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, basi. Manyoya ya nini? Unene ndio unaoharibu chambo hiki. Wekundu, kwa upande wake, si pambo: mabuu wengi waishio kwenye tope lenye oksijeni haba wana himoglobini, ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni.

Hatua ya pili, funga chambo kwenye nailoni ya milimita 0.15 na uweke boya dogo, chambo kining'inie shibiri moja juu ya tope. Perege wakianza kupasua maji, tumia chambo cha uzi mweusi kisicho na ushanga, shibiri moja chini ya uso wa maji, kwa kuwa pupa (usubi walio katika hatua ya kati ya buu na mdudu kamili) wanapanda.

Hatua ya tatu, usivute. Upepo wa alasiri ukitikisa boya, chambo hupanda na kushuka chenyewe. Boya likisita au likienda kinyume cha upepo, inua ufito taratibu.

Maswali ya wanachama

Swali: Ufito wa mwanzi unafaa?
Jibu: Unafaa karibu na ukingo. Kwa kurusha mbali unahitaji mshipi mzito maalumu, maana mshipi ndio unaobeba chambo chepesi namna hii.

Swali: Je, niingie majini hadi kiunoni?
Jibu: Mtera usithubutu, kuna mamba na viboko.

Swali: Kambale akinasa?
Jibu: Akiwa mkubwa, nailoni hiyo ataikata. Mlegezee mshipi, umchoshe kwanza.