Kuunganisha mahitaji ya wadau na majaribio kabla ya kupokea mfumo

Kabla ya kuandika jaribio lolote, lipe kila hitaji, yaani jambo ambalo mdau anataka mfumo ulifanye, namba isiyobadilika: MH-01, MH-02 na kuendelea. Hitaji likifutwa, namba yake isipewe jingine, la sivyo matokeo ya zamani yatasomeka vibaya. Andika pia nani alilitaka, maana ndiye atakayethibitisha kama limetimia.

Kazi kubwa ni kulivunja hitaji hadi lipimike. Chukua mfumo wa mikopo wa SACCO. Mdau anasema: "Mwanachama asikopeshwe zaidi ya mara 3 ya akiba yake." Mwenye akiba ya shilingi 100,000 akiomba 300,000, akubaliwe, akiomba 300,001, akataliwe. Je, anayedaiwa bado 200,000 akiomba 150,000? Hapo hitaji liko kimya. Rudi kwa mdau aamue, usikisie, kisha jibu lake liandikwe ndani ya hitaji lenyewe.

Kuunganisha mahitaji na majaribio yake, jedwali la Excel linatosha: namba ya hitaji, aliyelitaka, namba za majaribio, matokeo, na toleo la mfumo lililojaribiwa. Toleo ndilo husahaulika sana, na bila hilo "limefaulu" haina maana.

Lisome jedwali pande zote mbili. Hitaji lisilo na jaribio ni pengo. Jaribio lisilo na hitaji linaonyesha kuna jambo lililosemwa mdomoni tu, au watengenezaji wameongeza kisichoombwa.

Kikomo cha mkopo kikishushwa kutoka mara 3 hadi mara 2 ya akiba, majaribio yote ya hitaji hilo yarudishwe kuwa "halijajaribiwa" siku hiyo hiyo, hata yaliyokwisha kufaulu.