Vipimo vikidanganya angani: afanye nini rubani wa ndege ndogo?

Kipimo kilichokufa kabisa hakinitishi sana. Sindano ikilala kwenye sifuri, hata mwanafunzi wa wiki ya pili ataiona. Ninachokiogopa, baada ya miaka ya kufundisha urubani, ni kipimo kinachoendelea kusogea kama kawaida huku kinasema uongo. Hicho rubani hukiamini na kukifuata. Mwongozo huu ni namna ninavyowafundisha wanafunzi wangu kukikamata. Unahusu ndege ya injini moja yenye vipimo vya sindano, ingawa sehemu kubwa inafaa pia kwa ndege za skrini.

Hatua ya 1: Jua vipimo gani vinakula chungu kimoja

Anza na hili ukiwa chini, kwa kalamu na karatasi.

Familia ya kwanza ni kipima mwendo, altimita (kipimo cha mwinuko) na kipimo cha kupanda na kushuka; vinategemea hewa ya nje. Altimita na kipimo cha kupanda vinapata hewa tulivu kupitia matundu madogo ubavuni mwa ndege. Kipima mwendo kinatumia hewa hiyo hiyo, na juu yake hewa inayosukumwa ndani ya mrija wa pito, ule unaotazama mbele chini ya bawa. Familia ya pili ni upeo bandia, unaoonyesha mlalo wa ndege, na kionyesha uelekeo. Katika ndege nyingi ndogo hivi vina jairo, yaani magurudumu madogo yanayozunguka kwa kasi bila kubadili mwelekeo, zinazozungushwa na pampu ya kuvuta hewa inayoendeshwa na injini. Familia ya tatu ni kionyesha kona, ambacho kwa kawaida kinatumia umeme, kwa makusudi kabisa, ili pampu ikifa kibaki hai. Dira ya sumaku inajitegemea.

Kwa nini nakazania familia? Kwa sababu mashahidi wawili wa nyumba moja ni shahidi mmoja. Altimita na kipimo cha kupanda vikikubaliana, bado hujathibitisha kitu, maana tundu likiziba vyote viwili vinapotoka pamoja. Rejea wazo hili kila hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Kamata kasoro kabla ya magurudumu kuondoka chini

Vua kifuniko cha mrija wa pito na uchungulie ndani. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanaupenda sana mrija huo, na ndege iliyoegeshwa siku chache tu bila kifuniko inawatosha. Usiupulize kwa mdomo, utaharibu kipima mwendo. Tazama pia kitundu cha kutolea maji kwenye mrija, halafu pitisha kidole kwenye matundu ya ubavuni, hasa ndege ikiwa imetoka kuoshwa au kung'arishwa. Tarehe 2 Oktoba 1996 ndege ya Aeroperú, safari namba 603, iliruka kutoka Lima matundu yake yakiwa bado yamezibwa kwa mkanda uliobandikwa wakati wa kuisafisha. Watu wote 70 walikufa. Ilikuwa Boeing 757, lakini tundu ni tundu.

Unapotembea kuelekea njia ya kurukia, piga kona kushoto na kulia. Kionyesha kona kielekee unakogeuka, kionyesha uelekeo kizunguke, upeo bandia ubaki umetulia. Geji ya pampu isome kati ya inchi 4.5 na 5.5 za zebaki, au kama kitabu cha ndege yako kinavyosema. Altimita ikiwekewa shinikizo la uwanja, ikatofautiana na mwinuko halisi kwa zaidi ya futi 75, usiruke.

Kisha mbio za kuruka. Sema kwa sauti, "Mwendo unapanda," mara tu sindano inapoamka. Isipoamka, vuta throtoli, mkono wa nguvu ya injini, simama. Hapa sina mjadala na mwanafunzi yeyote. Tarehe 6 Februari 1996, huko Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, nahodha wa ndege ya abiria ya Birgenair, safari namba 301, aliona kwenye njia ya kurukia kwamba kipima mwendo chake hakifanyi kazi, akaendelea kuruka. Watu 189 walipotea baharini.

Hatua ya 3: Ukiwa juu, shika ndege kwanza

Umeona sindano mbili hazipatani. Usiguse swichi yoyote bado. Weka pua mahali unapopajua na injini kwenye nguvu unayoijua, kwa sababu mkao na nguvu vikiwa sahihi mwendo hauna budi kuwa sahihi, hata kama sindano inapiga kelele nyingine. Kwenye Cessna 172, mizunguko 2,300 kwa dakika ukiwa umenyooka mwinuko wa chini itakupa noti (maili za baharini kwa saa) 100 hivi. Ya ndege yako ziandike wewe mwenyewe siku ya hali ya hewa njema: nguvu na mkao wa kupanda, wa kunyooka, wa kushuka, wa kukaribia kutua. Ni namba nne tu, na karatasi yake nataka niione kwenye paja la mwanafunzi kila tunaporuka.

Ukiona nje, upeo wa macho ndio kipimo chako bora. Ukiwa mawinguni, mabawa kwanza, pua baadaye.

Hatua ya 4: Tafuta familia iliyougua

Kipima mwendo kimeshuka hadi sifuri huku injini inavuma vilevile: mrija wa pito umeziba mbele, na kitundu cha maji kiko wazi. Huyu ni mgonjwa rahisi.

Mgonjwa mbaya ni mrija ulioziba kote, mbele na kwenye kitundu. Hewa iliyonaswa ndani haibadiliki, kwa hiyo kipima mwendo kinageuka kuwa kama altimita: ukipanda kinaonyesha mwendo unaongezeka, ukishuka unapungua. Fikiria rubani anayepanda akaona mwendo umezidi. Atainua pua. Sindano itazidi kupanda, naye atazidi kuinua, mpaka bawa liache kubeba. Mwendo ukiongezeka wakati unapanda bila kuongeza nguvu, huo ni uongo.

Altimita imeganda na kipimo cha kupanda kimekaa sifuri: matundu ya ubavuni yameziba. Kipima mwendo kitasogea, lakini juu ya mwinuko ambapo yaliziba kitasoma pungufu, na chini yake kitasoma zaidi. Yaani unaposhuka kutua kinakwambia una mwendo wa kutosha nawe huna.

Washa joto la mrija wa pito, kisha fungua hewa ya akiba ya matundu. Hewa hiyo hutoka ndani ya chumba cha rubani, ambamo shinikizo kwa kawaida liko chini kidogo, hivyo altimita na kipima mwendo vitasoma juu kidogo ya ukweli. Ndege yako haina hewa ya akiba? Vunja kioo cha kipimo cha kupanda na kushuka. Utakipoteza hicho, utaviokoa viwili.

Sasa pampu. Siku moja nilikuwa na mwanafunzi aliyevaa kofia ya kumzuia kuona nje, tukifanya mazoezi ya kawaida, pampu ikafa kweli. Jairo haisimami ghafla, huchoka polepole, na upeo bandia ukaanza kuinama taratibu kushoto. Yeye akawa anaufuata kwa uangalifu, akiurudisha sawa. Nilipomuuliza, akanihakikishia mabawa yamelala sawasawa. Tulikuwa tumeinama kulia karibu nyuzi 25. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na ndiyo maana sijaisahau siku ile.

Upeo bandia na kionyesha kona vikigombana, mwite shahidi wa tatu. Dira inazunguka? Basi ndege inapinda, na anayesema imenyooka ni mwongo. Tazama geji ya pampu kuthibitisha.

Hatua ya 5: Funika kilichoharibika

Karatasi, kibandiko, chochote. Jicho lililozoea kuangalia mahali fulani kwa miaka litarudi pale tu, hata ukiliamuru lisirudi.

Kisha nyoosha mabawa kwa kionyesha kona, na pua kwa altimita na kipima mwendo. Kugeuka, tumia saa: kona ya kiwango ni nyuzi 3 kwa sekunde, kwa hiyo kurudi ulikotoka ni sekunde 60. Dira isome ukiwa umenyooka tu, maana kwenye kona inayumba.

Hatua ya 6: Omba msaada, ukijua nani wa kumuuliza nini

Tangaza dharura mapema, na uwaambie waongozaji kipi kimeharibika. Lakini usiwaulize mwinuko wako kama matundu ndiyo yaliyoziba. Namba wanayoiona kwenye rada inatumwa na transponda yako, redio inayoijibu rada, nayo inanusa hewa ileile mbovu. Marubani wa Aeroperú waliuliza, wakajibiwa wako futi 9,700, na bahari ilikuwa chini yao tu. GPS, kwa upande wake, ni shahidi wa nyumba nyingine kabisa: inakupa mwinuko wa kukadiria na mwendo juu ya ardhi, nawe uufikirie upepo. Honi ya kuonya bawa linapokaribia kuacha kubeba, kwenye Cessna 172, haitegemei mrija wa pito wala umeme. Isikilize.

Omba uwanja wenye njia ndefu na mawingu ya juu, hata kama si ulikokuwa unakwenda. Tua kwa namba zako nne.

Ukishuka, andika kwenye daftari la kasoro ulichokiona, kwa mpangilio: mwinuko, hali ya hewa, sindano ipi ilifanya nini, ulifungua nini na nini kikabadilika. "Kipima mwendo kibovu" haimsaidii fundi, atabadilisha kipimo kizima wakati udongo wa nyigu uko kwenye mrija. Na karatasi uliyofunikia kipimo iache hapohapo mpaka fundi aiondoe mwenyewe.