Roma kwa Mara ya Kwanza: Jinsi ya Kujipanga Ukitokea Malindi

Kwa miaka kumi na minne nimewatembeza Wataliano kwenye magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi. Wengi hushuka garini wameshachoka, maana asubuhi hiyohiyo wamepitishwa kwenye nguzo ya Vasco da Gama, na jioni wanatakiwa wawe Marafa waone makorongo ya Nyari jua likichwa. Gede hupewa dakika arobaini. Msikiti mkuu, kasri, makaburi, visima, yote huyapita kama watu wanaowahi matatu ya mwisho. Nilipopata nafasi ya kwenda Roma mwenyewe, siku tisa za mwezi wa Oktoba, niliapa sitauona mji wa watu namna hiyo. Haya nawaandikia ndugu zangu wa Malindi, Watamu na Lamu wanaojiandaa kwa safari ya kwanza, hasa anayejilipia mwenyewe.

Anza na karatasi. Viza ya Schengen, yaani ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo, hukuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya siku 180. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi hata ukinyimwa. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usizingoje hizo 15. Sharti ufike Nairobi wewe mwenyewe kutoa alama za vidole, kwa hiyo tia hesabuni basi la Mombasa, treni na pa kulala. Paspoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu, na muda wake uzidi angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Ulaya. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000 za matibabu. Tiketi ya ndege weka nafasi tu, usiilipe mpaka viza iwe mkononi.

Kinachowaangusha wengi wetu ni karatasi za benki. Ombi langu la kwanza lilikataliwa, na sababu ninaijua. Kazi yetu ni ya msimu: Disemba hadi Machi mfuko umejaa, Mei na Juni mfuko umekauka. Pesa zangu zilikuwa kwenye M-Pesa na kwenye chama chetu cha akiba. Wiki mbili kabla ya kupeleka ombi nikazikusanya zote, nikaziingiza benki kwa mkupuo mmoja. Anayesoma karatasi ile hanijui. Anachoona ni akaunti iliyolala miezi mitano, kisha ikaamka ghafla. Atajuaje kama si pesa za kuazima?

Mara ya pili nilikaa mwaka mzima nikipeleka benki kila wiki, hata kama ni shilingi 1,500. Nikaambatanisha leseni yangu ya kazi, hati ya shamba, na barua ya ukurasa mmoja inayoeleza kwa nini mapato yangu hupanda na kushuka, mwezi kwa mwezi. Nikapata. Barua hiyo usiidharau. Mvuvi, mshona nguo, mwenye tuktuk, sote kipato chetu kina majira, na ni bora ulieleze hilo mwenyewe kuliko kumwachia mtu akisie.

Kuhusu wakati: Aprili, Mei na Oktoba ni miezi mizuri. Agosti ina joto kali na umati, tena karibu na tarehe 15 wenyeji wengi hufunga maduka wakaenda pwani. Januari sikushauri, mtu aliyezoea kaskazi baridi ile itamfungia ndani. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi. Na tiketi husomwa kwa mtindo wa saa 24, hivyo 14:30 ni saa nane unusu ya mchana kwetu. Iandike kwa Kiswahili pembeni ya tiketi yako kabla hujaondoka, kwa sababu ukichelewa hawakungojei.

Malazi nilichukua mtaa wa Esquilino, karibu na kituo cha metro cha Vittorio Emanuele. Si mtaa wa fahari, lakini una soko kubwa lenye viungo, bamia, pilipili na samaki, na bucha za halali ziko karibu. Laini A ya metro inakufikisha Vatikani bila kubadilisha, na Kolosei, ule uwanja mkubwa wa kale wa michezo, ni mwendo wa kama dakika 20 kwa miguu. Juu ya bei ya chumba utaongezewa kodi ya mji, kati ya euro 4 na 10 kwa kila mtu kwa usiku kulingana na daraja la malazi. Kutoka uwanja wa Fiumicino, treni ya Leonardo Express inafika Termini, kituo kikuu cha treni, kwa dakika 32 kwa euro 14. Mabasi ni nafuu zaidi. Tiketi ya kawaida ya mjini ni euro 1.50, inatumika dakika 100, ila kwenye metro unaingia nayo mara moja tu.

Sasa ratiba. Kanuni yangu ni tiketi moja ya kulipia kwa siku, nayo iwe ya asubuhi. Alasiri iache wazi, utembee mtaa uleule uliopo, usivuke mji. Najua utashawishika kubana Kolosei na Vatikani siku moja kwa kuwa umetoka mbali. Hapo ndipo utakuwa yule mgeni wangu wa dakika arobaini.

Kolosei ni euro 18, na tiketi hiyo inaingia pia magofu ya jirani, Foro ya Kirumi na kilima cha Palatino. Hutolewa mtandaoni siku 30 kabla, kwa jina lako, kwa hiyo chukua paspoti mlangoni. Jumba lilianzwa na kaisari Vespasiano na likafunguliwa na mwanawe Tito mwaka 80. Wengi hupiga picha uwanjani wakatoka. Mimi nilikwenda kuzitazama kuta kwa karibu, maana kuta ndizo kazi yangu. Sisi Gede tunaonyesha mawe ya matumbawe na chokaa. Warumi nao walichoma chokaa, ila wao waliichanganya na majivu ya volkano, ndipo ikashika namna ile. Nilisimama pale muda mrefu nikiwawazia mafundi wa pande zote mbili, kila mmoja na tanuri lake.

Matokeo ya majivu yale utayaona vizuri zaidi Pantheon, hekalu la kale la Warumi, euro 5. Kuba lake lina upana wa mita 43, halina nguzo hata moja katikati, na juu kuna tundu lililo wazi kwa mbingu. Mvua ikinyesha inaingia ndani, na sakafu ina vitundu vya kuyapokea maji. Siku niliyokwenda ilinyesha. Kama utabiri wa hewa unasema mvua, ipange Pantheon siku hiyo.

Vatikani ipe asubuhi nzima. Makumbusho hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi ambapo kuingia ni bure na foleni haielezeki. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume na wanawake, hivyo mwenye leso au kikoi aweke begani. Ndani ya Kanisa la Sistina, lililo humohumo makumbusho, hakuna kupiga picha, nami nashukuru, kwa sababu watu wanalazimika kuinua macho. Dari ile Michelangelo aliichora kuanzia 1508 hadi 1512.

Chakula: jifunze maneno ya nguruwe kabla ya kuagiza. Maiale, guanciale, pancetta, prosciutto, strutto. Tambi za carbonara na za amatriciana zote zina guanciale. Mimi nilikula sana cacio e pepe, ambayo ni tambi, jibini na pilipili manga, na pizza ya kipande inayokatwa kwa mkasi na kupimwa kwenye mizani. Kahawa inywe umesimama kaunta, ukikaa mezani bei hupanda. Maji usinunue. Mabomba ya chuma ya barabarani, nasoni, yapo zaidi ya elfu mbili, yanatiririka mchana kutwa na ni maji safi ya kunywa. Beba chupa. Na begi livae mbele, hasa kwenye metro na basi la 64, wezi wa mifukoni wanajua wageni wanakopanda.

Ngazi za Uhispania, zile ngazi maarufu za mawe katikati ya mji, usizikalie, ni faini tangu 2019.

Ukiwa Mwislamu, Ijumaa yako usiipangie tiketi yoyote. Panda metro hadi Flaminio, hapo ubadilishe uchukue treni ndogo ya kwenda kaskazini, ushuke Campi Sportivi. Msikiti Mkuu wa Roma ulifunguliwa 1995, na nguzo zake zimejipinda juu kama minazi inayokutanisha makuti. Baada ya swala, nje kunauzwa vyakula na nguo, na utasikia lugha za nusu ya dunia. Mtu alinisikia nikisema “alhamdulillahi, nimeshiba” akageuka na kuniuliza, “Watoka wapi, ami?” Alikuwa wa Barawa, kule pwani ya Somalia. Tulizungumza mpaka alasiri.

Rudi na treni ileile hadi Flaminio, uvuke lango la zamani uingie uwanja wa Piazza del Popolo. Mnara wa jiwe uliosimama katikati ulichongwa Misri enzi za mafarao Seti na Ramses, ukaletwa Roma na kaisari Augusto. Chini yake pana ngazi za kukaa.