Kuanza mazoezi ukiwa mzito: mwongozo wa kine wa Lubumbashi

Kazi yangu ni kine, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi. Wengi wanaoniletea magoti yaliyovimba na visigino vinavyouma asubuhi walianza kwa bidii kubwa mno: Jumatatu wamenunua viatu, Jumanne wamekimbia kutoka Bel-Air hadi Golf, na kabla mwezi haujaisha kushuka ngazi ni taabu.

Sababu iko mwilini. Moyo na mapafu hujifunza haraka. Ndani ya wiki tatu au nne utaona huhemi tena kama mwanzo. Kano, yaani zile kamba ngumu zinazofunga msuli kwenye mfupa, zinahitaji miezi. Ndiyo maana kuna kipindi, karibu na wiki ya nne, ambapo pumzi inakuambia ongeza huku goti likiwa bado halijawa tayari. Mpango huu umetengenezwa ili ukuvushe katika kipindi hicho. Utauona wa polepole mno, hasa ukiwa uliwahi kucheza mpira ujanani. Uvumilie. Ulichokiweza ukiwa na miaka 20 na kilo 65 hakikuhusu leo.

Hatua ya 1: Pima kabla hujatoka nyumbani

Nenda kituo cha afya cha mtaa wako, upimwe tansio (presha ya damu) na sukari ya damu. Ukiwa umepita miaka 40, au una tansio, ugonjwa wa sukari, au kifua kinakubana ukipanda ngazi, mwone daktari kwanza, umwambie wazi kwamba unataka kuanza mazoezi. Wanaomeza dawa za sukari wawe makini zaidi, kwa sababu mazoezi yenyewe hushusha sukari na dozi huenda ikahitaji kubadilishwa. Hiyo ni kazi ya daktari wako, usiibadilishe mwenyewe.

Kisha pima kiuno. Azima meta ya mshonaji, uizungushe usawa wa kitovu, upumue nje kawaida, usome. Kiuno kikizidi nusu ya urefu wako, kuna mafuta mengi ndani ya tumbo, na hayo ndiyo yanayosumbua moyo na sukari. Mtu wa sentimita 170, kwa mfano, alenge kushuka chini ya 85. Andika namba hiyo pamoja na tarehe. Mizani ukiwa nayo, jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya kwenda chooni na kabla ya chai. Anayejipima kila siku anachanganyikiwa na maji tu: bukari (ugali) yenye samaki wa chumvi usiku inaweza kukuongezea kilo nzima kufikia asubuhi, na karibu yote ni maji, si mafuta.

Hatua ya 2: Wiki nne za kutembea tu

Tembea dakika 20, siku tano kwa wiki. Wiki ya pili 25, ya tatu 30, ya nne 35. Usikimbie hata kama miguu inawasha.

Mwendo unaupima kwa sala. Sema Baba Yetu kwa sauti huku unatembea. Ukiweza kuimaliza ukivuta pumzi hapa na pale, mwendo ni sawa. Ukikatika katikati ya sentensi, punguza. Ukiweza kuiimba kama uko kwenye kwaya, ongeza hatua. Asiyesali ahesabu hadi thelathini, kazi ni ileile.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 za mwendo wa namna hii kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili. Hesabu utaona kwamba kwenye wiki ya tatu tayari umefika 150. Hapo bado hujatoa franka hata moja kwa ukumbi wa mazoezi.

Njia ya kupita ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Chagua ya udongo au ya lami isiyo na malori, kwani njia za kuingia na kutoka mjini zina magari ya madini na moshi wake. Barabara ya Kasapa kuelekea chuo kikuu ni nzuri mapema. Mtaa wa Golf una vivuli. Ukiwa Katuba au Ruashi, zunguka ndani ya mtaa, mizunguko mifupi, ili ukichoka uwe karibu na nyumbani. Kwenye kiangazi, kati ya Mei na Septemba, toka mara tu jua linapochomoza, vumbi likiwa bado limelala. Juni na Julai asubuhi kuna baridi, vaa sweta utakayoivua njiani. Oktoba joto linakuwa kali, beba maji. Mvua zikishaanza, angalia wingu la mchana na ufanye mazoezi yako asubuhi. Gizani usiende, na kama unaweza, tembeeni wawili.

Viatu: visiwe vipya kwa lazima. Vilivyovaliwa Ulaya na kuuzwa kwenye soko la Kenya, komini yetu hapa Lubumbashi, vinafaa, ila vikunje kwa mikono. Vikikunjika katikati ya wayo kama kitambaa, viache. Vikunjike kwenye vidole tu. Kidole gumba kiwe na nafasi ya upana wa kidole cha mkono mbele yake. Akina mama, kikwembe (kitenge) juu ya suruali hakizuii kitu mkitembea, mradi kisibane hatua.

Hatua ya 3: Sahani

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo uzito unapotoka. Miguu inajenga moyo, lakini tumbo linapunguzwa mezani zaidi.

Fanya hesabu nami. Mtu wa kilo 90 akitembea saa nzima anachoma takriban kilokalori 300. Chupa moja kubwa ya bia, ile ya sentilita 72, inazo karibu 300 pia. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban 7,700. Kwa hiyo anayetembea saa moja kisha akakaa na wenzake kwenye bia mbili za Simba amerudi nyumbani na deni. Sikukatazi bia. Nakuambia tu bei yake, na bei ya soda ni ya namna hiyohiyo: ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, ambazo ni kama vijiko vinane au tisa vya chai.

Bukari haina kosa. Kosa ni kwamba hatuioni. Ikikaa katikati ya meza na watu sita wanamega, hakuna ajuaye amekula tonge ngapi, na mgeni akisifiwa kwa kula vizuri ndiyo kabisa. Fanya hivi: kata kipande chako mwanzoni, ukiweke kwenye sahani yako, kiwe na ukubwa wa ngumi yako mwenyewe. Ngumi moja na nusu kwa mwanaume mrefu au anayefanya kazi ya kubeba. Kisha ujaze mboga ukubwa wa ngumi mbili: lengalenga, matembele, ngai-ngai, kabichi. Samaki, nyama au maharagwe yawe mapana kama kiganja. Kula mboga na samaki kwanza, bukari ifuate. Ukitaka kuongeza, ongeza mboga.

Sombe (kisamvu) ni mboga, nakubali, ila angalia sufuria. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, ya mawese au ya chupa, kina karibu kilokalori 120, na sombe nyingi zinapikwa kwa mafuta ya kukisia pamoja na karanga za kusaga. Mama anayepika nyumbani ndiye mwenye ufunguo hapa, na sizungumzi naye kwa kumkemea. Apime kwa kijiko badala ya kumimina: kijiko kimoja kwa kila mlaji kinatosha. Ladha ya sombe inatoka pia kwenye kitunguu, pilipili na muda wa kupika.

Protini ndiyo inayokushibisha na kulinda misuli wakati mwili unapungua. Si lazima nyama. Kapenta (dagaa) kavu ni zaidi ya nusu protini kwa uzito wake, maharagwe yapo kila soko, mayai ya kuchemsha yanauzwa hata kando ya barabara. Samaki wa thomson ni mzuri akichemshwa au kuchomwa. Akizamishwa kwenye mafuta anaingia hesabu nyingine.

Wengi wetu tunakula mlo mmoja mkubwa usiku, baada ya kazi na foleni ya basi. Mchana mzima ni chai yenye sukari nyingi na mandazi mawili. Ukifika nyumbani na njaa ya namna hiyo, ngumi moja ya bukari ni ndoto. Kwa hiyo hamisha chakula mchana: yai na ndizi, au maharagwe kidogo, au parachichi nusu. Sukari kwenye chai punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, nao unywe kwa kikombe. Ukitengenezwa na sukari nyingi, ni soda yenye jina la kinyumbani.

Lengo ni nusu kilo kwa wiki, pengine kilo moja wiki za kwanza kwa mtu mzito sana. Ukishuka haraka kuliko hapo, unapoteza misuli na maji. Zile chai za kukausha tumbo na vidonge vinavyouzwa mkononi nyingi ni za kuharisha au kukojoza. Mizani inashuka, mafuta yanabaki palepale, na madini ya mwili kama potasiamu yanaondoka, moyo unayahitaji. Plastiki ya kujifunga tumboni inatoa jasho, ambalo unalirudisha kwa glasi mbili za maji.

Jambo la mwisho kuhusu meza: utaulizwa. Shangazi atasema umepatwa na nini, jirani atadhani biashara imekufa au una ugonjwa unaouficha. Kwetu mwili mkubwa bado ni dalili ya nyumba yenye amani. Jibu kwa ufupi kwamba daktari amekushauri kwa ajili ya tansio. Hakuna anayebishana na tansio.

Hatua ya 4: Nguvu, mara mbili kwa wiki

Anza wiki ya tatu, siku mbili zisizofuatana. Unahitaji kiti, ukuta na ngazi.

Kaa kwenye kiti kigumu, mikono kifuani, simama bila kujisukuma, kaa tena taratibu ukihesabu hadi tatu. Mara 8. Zoezi likiwa gumu kwako, weka mto juu ya kiti ili ukae juu zaidi. Kisha simama hatua moja kutoka ukutani, viganja ukutani usawa wa kifua, jishushe na ujisukume, mara 10. Kisha panda kidato cha chini cha ngazi, visigino vikining'inia, ukishika ukuta. Jiinue kwa vidole na ushuke polepole, mara 12. Mwisho beba bidoni (madumu) mbili za lita tano zilizojaa maji, moja kila mkono, mgongo wima, utembee uani kwa dakika moja. Pumzika, rudia yote mara mbili zaidi.

Mazoezi ya kukunja tumbo nimeyaacha makusudi. Yanaimarisha msuli, ila hayachagui mafuta ya kuondoa, na shingo za wanaoanza zinaumia bure.

Hatua ya 5: Kukimbia, ukipenda

Si lazima. Watu wengi wamepungua vizuri kwa kutembea tu. Ukitaka, subiri hadi uweze kutembea dakika 40 na kesho yake usisikie goti. Kisha: dakika 10 za kutembea, halafu kimbia dakika moja, tembea mbili, mara sita. Mara tatu kwa wiki, ukiacha siku katikati. Wiki inayofuata mara nane. Baadaye ndipo unafanya dakika mbili kwa mbili. Hatua ziwe fupi na za haraka, mguu utue chini ya mwili wako, siyo mbele yake. Vile vikundi vinavyokimbia Jumapili asubuhi vikiimba, vipe miezi mitatu kabla hujajiunga. Wimbo unavuta, na mwendo wao haukungoji.

Maumivu, na siku za kusimama

Msuli unaouma pande zote mbili, siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya mazoezi, ni kawaida. Tembea taratibu utalegea. Maumivu ya sehemu moja ndani ya kiungo, au yanayokufanya uchechemee, ni ishara ya kurudi nyuma wiki mbili katika mpango. Goti likivimba, simama na utafute kine au daktari. Kifua kikibana, jasho la baridi likitoka, au macho yakiingia giza, kaa chini na upelekwe hospitali mara moja.

Mizani ikigoma wiki tatu mfululizo huku kiuno kinapungua, endelea bila kubadilisha kitu. Vyote viwili vikigoma, rudi kwenye kijiko cha mafuta na chupa ya bia kabla ya kuongeza kilometa.

Ukishikwa na malaria, acha kila kitu. Maliza dawa zote, subiri homa iishe na hamu ya kula irudi, kisha anza na nusu ya dakika ulizokuwa umefikia. Ulikuwa kwenye 40, anza 20. Ongeza tano kila siku ya tatu mpaka ufike ulipoachia.