Kujiandaa kwa Usaili wa Pili wa Nafasi ya Umeneja

Ukiitwa kwenye usaili wa pili, suala la kama una sifa za kazi limekwisha kujibiwa kwa sehemu kubwa, kwani wasio na sifa waliachwa kwenye mchujo wa kwanza. Sasa wasaili wanataka kukuona ukiamua: wafanyakazi wawili hawaelewani, bajeti imekatwa katikati ya mwaka, mtu hodari kuliko wote ameanza kuzembea, nawe ndiye meneja. Anayerudi na majibu yaleyale ya mara ya kwanza, hata kama yalipendwa, anajibu maswali yaliyokwisha kufungwa.

Maandalizi yaanzie kwenye usaili ule wa kwanza. Andika maswali yote unayoyakumbuka, jinsi ulivyoyajibu, na hasa mahali ambapo msaili alikuuliza jambo lilelile mara mbili kwa maneno tofauti. Kurudia huko mara nyingi ni dalili kwamba jibu halikumtosheleza, na huenda wasaili wapya wamekabidhiwa maelezo yake. Tayarisha jibu lililo kamili zaidi, lakini lisipingane na lile la awali. Kumbuka pia waliyoyasema wao wenyewe: ikiwa walitaja mara tatu kwamba idara imeondokewa na watu wengi, wamekwisha kukudokezea tatizo wanalotaka ulitatue.

Kisha mwulize aliyekuita, ambaye kwa kawaida ni ofisa wa rasilimali watu, ni akina nani watakaokuwepo na wana vyeo gani, kikao kitachukua muda gani, na kama kutakuwa na mada ya kuwasilisha, zoezi la maandishi au mazungumzo na watu utakaowaongoza. Usiogope kuonekana msumbufu. Meneja anayeingia kikaoni bila kujua ajenda ndiye anayetia shaka. Kila mmoja katika jopo ana wasiwasi wake. Mkuu wa fedha atataka kujua kama unaweza kuisoma taarifa ya mapato na matumizi na kueleza kwa nini matumizi yamevuka bajeti, ilhali bosi wako mtarajiwa anajiuliza kama utampunguzia mzigo au utamwongezea.

Kazi kubwa zaidi ni kuandaa visa vitano au sita kutoka katika kazi zako, kila kimoja kikieleza hali ilivyokuwa, jukumu lako, hatua ulizochukua na matokeo yake. Chagua vinavyohusu watu, fedha, mgogoro, mabadiliko yaliyopingwa, na uamuzi uliokwenda vibaya. Wengi hukwama kwenye hatua, kwa sababu husimulia kila kitu kwa “tulifanya”. Ni uungwana kuwapa wenzako sifa zao, lakini jopo haliwezi kuwaajiri nyote. Badala ya kusema “tulipunguza ucheleweshaji wa malipo”, sema kwamba uligundua ankara zote zinasubiri saini ya mtu mmoja, ukaomba msaidizi wake aruhusiwe kusaini zile ndogo, na muda wa kusubiri ukashuka kutoka siku 9 hadi 3, ikiwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Katika kisa cha kushindwa, usilete kosa la kujisifu, kama vile kupenda kazi kupita kiasi. Wasaili wamelisikia hadi limewachosha. Taja kosa halisi, lilimgharimu nani, na ulichobadilisha baada yake, bila kufichua siri za mwajiri wako wa zamani.

Andaa pia ukurasa mmoja wa mpango wa siku zako 90 za mwanzo, hata kama hujaombwa. Ukitaka usiwe wa kubuni tu, soma taarifa ya mwaka ya taasisi, hesabu zake zilizokaguliwa ikiwa zimechapishwa, na tangazo la kazi lenyewe neno kwa neno. Siku 30 za mwanzo ziwe za kusikiliza na kukagua. Kuahidi kupangua idara ambayo hujaingia ndani yake ni haraka ya kutisha, na huenda aliyeipanga ameketi mbele yako.

Maswali yako nayo yawe ya mtu anayepima kazi kabla ya kuipokea: kwa nini nafasi iko wazi, una mamlaka gani ya kuajiri na kuidhinisha matumizi, utapimwa kwa lipi baada ya miezi 12, na kama kuna mtu wa ndani aliyeiomba nafasi hii akaikosa. Hili la mwisho liulize kwa upole, kwa sababu mtu huyo atakuwa chini yako.

Kuhusu mshahara, uwe na kiwango unachotaka na kile usichoweza kushuka chini yake, lakini waachie wao walianzishe. Jua muda wa notisi unaodaiwa na mwajiri wako wa sasa, na uwaarifu wadhamini uliowaandika kwenye wasifu wako, kwani ni katika hatua hii ambapo mara nyingi hupigiwa simu.

Visa vyako vifanyie mazoezi kwa sauti mbele ya mtu mwenye saa, kila kimoja kisizidi dakika 2. Mwombe akukatize katikati na kuuliza “kwa nini?”, kwa maana ndivyo jopo litakavyofanya.