Pima spidi ya sauti kwa makofi tu

Hii haitaki maabara, tafuta tu ukuta mkubwa ulio wazi mbele yake, mfano godauni au jengo la shule pembeni ya uwanja, halafu pima mita 85 kutoka ukutani, tumia tepu kabisa maana hatua za miguu zinadanganya. Nenda asubuhi mapema kabla ya kelele na upepo.

Piga kofi moja kali usikilize, utasikia "pa!" halafu kidogo tu "pa" nyingine hafifu inarudi, huo ndo mwangwi. Sasa hapa ndo penye utamu, usihangaike kupima mwangwi mmoja, kidole hakiwezi kuwahi, we piga makofi mfululizo kiasi kwamba kila kofi linaangukia palepale mwangwi wa lililopita unapofika, ukipatia mwangwi unakua kama umepotea, unamezwa na kofi. Ukishashika mdundo mwenzio awashe stopwochi ya simu kwenye kofi unaloliita sifuri (sio moja, wengi wanakosea hapa) azime kwenye la 20.

Sauti imeenda na kurudi mara 20, yaani mita 170 mara 20, ni 3400. Gawanya kwa sekunde ulizopata. Zikiwa 10 hivi, una mita 340 kwa sekunde, na kwenye joto la nyuzi 30 inafika kama 349 maana hewa ya moto inapitisha sauti haraka zaidi.