Ukija Maktaba na Dagaa, Njoo na Majina Yake Yote

Nakaa dawati la maulizo katika maktaba ya chuo kikuu kimoja hapa Mwanza. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni soketi ya kuchajia simu iko wapi, na hilo najibu kwa kidole. La pili ni "Madamu, naomba kitabu cha dagaa." Hapo ndipo kazi yangu inapoanza, ila wengi huondoka mapema wakidhani nimewaambia hakipo. Nawaandikia hao, hasa wa mwaka wa tatu wenye risechi mkononi na supavaiza asiyepokea simu. Walimu nao wana fungu lao huko chini.

Hatua ya 1: Lete swali

Alikuja binti mmoja na karatasi yenye neno moja tu: dagaa.

"Shikamoo madamu."

"Marahaba mwanangu. Hao dagaa wamefanyaje?"

Akacheka. Nikamuuliza kama anataka samaki mwenyewe, mvuvi au mchuuzi. Akasema mchuuzi, mama yake hununua soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Anawaanika wapi? Mchangani. Wapo wenye vichanja? Wapo, na dagaa wao hawana mchanga, wananunuliwa haraka. Sasa kwa nini mama hajaweka kichanja? Akanyamaza, kisha akaomba kalamu. Hatukumaliza hata robo saa na proposo ilikuwa imepata kichwa na miguu.

Kwa hiyo kabla hujaja, andika sentensi moja yenye alama ya kuuliza. Ikikushinda, njoo hivyo hivyo tuiandike pamoja. Hailipiwi. Usije tu siku mbili kabla ya kuwasilisha, maana siku hizo foleni yangu inafika mlangoni.

Hatua ya 2: Orodhesha majina yote ya kitu chako

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nami nitaikalia kidogo.

Ziwa Victoria lina nchi tatu, na samaki hana pasipoti. Dagaa wetu akivuliwa upande wa Kenya anaitwa omena, Uganda anaitwa mukene, na wanasayansi wanamwita Rastrineobola argentea. Ukitafuta "dagaa" peke yake, unaikosa kazi kubwa iliyofanyika Kisumu na Jinja juu ya samaki yule yule. Tena unaletewa dagaa wa Kigoma, ambaye ni samaki mwingine kabisa wa Ziwa Tanganyika, kwa kitaalamu Stolothrissa tanganicae. Nimeona rasimu ambayo nusu ya sura ya pili ilikuwa inazungumzia ziwa lisilo letu, na mwenye rasimu hana habari.

Sangara ni hivyo hivyo: Wakenya wanamwita mbuta, Waganda mputa, na jina lake la kitaalamu ni Lates niloticus. Magugu maji yana mtego wa aina yake. Makala za zamani zinayaita Eichhornia crassipes, za karibuni Pontederia crassipes. Mmea ni ule ule, wataalamu wameuhamisha ukoo. Anayetafuta kwa jina jipya tu anapoteza miaka mingi ya utafiti.

Si samaki na majani peke yake. Anayeandika juu ya biashara za Kigongo na Busisi asitafute "daraja" tu. Daraja limefunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo watu waliandika juu ya kivuko, feri, foleni ya magari na mama lishe wa pale gatini.

Ukishapata majina, yaandike kwenye kisanduku cha kutafutia namna hii:

dagaa OR omena OR mukene OR "Rastrineobola argentea"

OR iwe kwa herufi kubwa, na jina lenye maneno mawili lifungwe kwa alama za kunukuu, vinginevyo mashine inayatenganisha na kukuletea takataka.

Hatua ya 3: Rafuni

Anza na katalogi kwenye kompyuta za mlangoni. Maktaba nyingi za vyuo zinatumia Koha, programu ya bure iliyotoka New Zealand. Unaweza kuifungua hata kwa simu. Nakili namba yote ya kitabu, usichukue nusu.

Palipo na mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, uvuvi wa biashara ni 639.2, ufugaji wa samaki 639.3, samaki kama viumbe 597. Yule binti wa vichanja nilimpeleka pengine kabisa: 664.94, teknolojia ya usindikaji wa samaki, halafu 338.3, kwenye uchumi wa uzalishaji. Vitabu vya mada moja havikai rafu moja, kwa hiyo ukikuta pengo usikate tamaa ukarudi hosteli.

Tena hizo namba ni desimali. 639.12 inatangulia 639.2, kwa kuwa baada ya nukta unasoma tarakimu moja moja. Watu huitafuta 639.12 mbele, karibu na dirisha, wakati wameshaipita.

Ukimaliza kusoma, kiache kitabu mezani. Najua ulilelewa kurudisha kitu mahali pake, lakini kitabu kilichorudishwa rafu isiyo yake kimepotea sawa na kilichoibiwa.

Hatua ya 4: Makala za mtandaoni, bila kutoa hela

Ukifungua makala ukaambiwa ulipie kwa dola, funga, njoo kwangu. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, si la kazi hiyo. Kupitia Research4Life, mpango wa kuzifungulia majarida nchi zenye kipato kidogo, vyuo vyetu vinaingia kwenye maelfu ya majarida: HINARI ya afya ipo tangu 2002, AGORA ya kilimo na uvuvi tangu 2003. Nywila anayo mkutubi. Omba, na usiitupe kwenye grupu la WhatsApp, kwa sababu ikitumiwa ovyo chuo kizima kinaweza kufungiwa. Ongeza na AJOL, inayokusanya majarida ya Afrika tangu 1998. Pakua ukiwa maktaba ili bando lako libaki la kuongea na nyumbani.

Hatua ya 5: Weka rejea tangu siku ya kwanza

Pakua Zotero, programu ya kutunza rejea. Ni ya bure, na inakupa MB 300 za kuhifadhi mtandaoni, zinazotosha risechi ya shahada ya kwanza. Kila makala unayoifungua, iingize humo papo hapo. Nina droo yenye flashi tisa zilizosahaulika kwenye kompyuta zetu, na nina uhakika angalau moja ina tasnifu ya mtu aliyelia.

Kuhusu kudesa, yaani kunakili kazi ya mwingine: ripoti ya ufanano, ile ya mashine inayolinganisha maandishi yako na ya wengine, ikisema asilimia 30, usikimbie wala usishangilie. Mashine inahesabu mpaka orodha ya rejea na manukuu uliyoyafunga vizuri. Mwenye asilimia 8 anaweza kuwa ameiba aya nzima, na wa 30 akawa msafi. Ilete tuisome pamoja, mstari kwa mstari.

Hatua ya 6: Kwa walimu

Orodha ya vitabu vya kozi tunaiomba kabla muhula haujaanza. Nakala moja kwa darasa la watu 200 inawezekana kama tumeihamishia mapema rafu ya akiba, ambako mtu anakaa nayo saa mbili na kurudisha. Ukituletea wiki ya testi, kitabu kitakuwa kwa kijana mmoja aliyepanga Buhongwa, na wengine wote watakuwa stesheneri wanatoa kopi kitabu kizima, jambo ambalo Sheria ya Hakimiliki ya 1999 hailichekei.

La pili, barua pepe zile za "Mheshimiwa Profesa, tutachapisha makala yako ndani ya siku tatu." Nilimsaidia mhadhiri mmoja aliyekwisha kulipa, jarida likatoweka mtandaoni na makala yake pamoja nalo. Kabla ya kutuma, nipe jina la jarida. Naangalia kama ISSN yake, yaani namba ya utambulisho wa jarida, ni ya kweli, kama limo DOAJ, orodha ya majarida ya wazi yaliyokaguliwa, na nawaandikia wahariri wawili kuwauliza kama wanajua kuwa ni wahariri. Majibu mengine yanachekesha.

Hatua ya 7: Kukabidhi

Tasnifu iliyopitishwa inaingizwa kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo. Fomu ina sehemu ya maneno muhimu, na wengi huandika "Mwanza, Tanzania" wakasaini. Rudi hatua ya 2: andika dagaa, omena, mukene na lile jina la kitaalamu, ili mwanafunzi wa Kisumu naye akupate.

Halafu kuna fomu ya kliaransi. Hatugongi muhuri mpaka vitabu vyote virudi, na hiyo ni pamoja na kile ulichoazima kwa jina lako ukampa rumeti. Mpigie leo, kabla hajapanda basi la Bukoba.